Bukavu: Kurasa za Kiswahili zitaje lugha yake, simu isiachiwe kukisia

Magari mengi yanayopanda na kushuka barabara za Bukavu, kuanzia Nguba hadi Bagira, yalianza maisha yao Japani. Dereva wa teksi anapoinua kapo pale Nyawera hukuta bado vibandiko ambavyo hakuna aliyejisumbua kuvibandua. Kimoja kati ya vile vinavyoonekana mara kwa mara kina herufi tatu: 冷却水. Ni maji ya kupoza injini. Dereva asiyejua Kijapani huuliza simu yake, na simu humpa jibu. Lakini akiwa makini na kulinganisha kibandiko na kioo cha simu, huenda akasita, kwa sababu herufi ya kwanza haifanani kabisa. Kwenye kibandiko, sehemu ya chini upande wa kulia ina mguu ulionyooka kwenda chini. Kwenye simu, mahali pale pale kuna kikato kidogo cha mshazari.

Dereva anajiuliza kama ni neno lingine. Si neno lingine. Ni herufi ile ile, namba ile ile, ila simu imechagua kuichora kwa namna ya China bara badala ya namna ya Japani. Na hata msomaji wa makala hii, umbo la 冷 aliloliona hapo juu halikuchaguliwa na mwandishi wala na mhariri. Limechaguliwa na simu yake, kimya kimya, bila kumuuliza.

Jambo hilo linaonekana dogo, tena la mbali. Lakini uchaguzi huo huo wa kimya unafanyika kila mara mkaaji wa Kadutu au Ibanda anapofungua habari ya Kiswahili, tangazo la kanisa kwa Mashi au wimbo wa Lingala. Na huko Japani waliokutana na tatizo hilo mapema wameacha somo ambalo wenye kurasa za Kivu Kusini hawajalichukua bado.

Inafaa kueleza kwanza jinsi mambo yanavyokwenda. Ukurasa wa intaneti unapoingia kwenye simu, hauleti picha za herufi. Unaleta namba. Herufi é ya Kifaransa ni namba 233, na 冷 ni namba 20,919. Orodha ya namba hizo inaitwa Unicode, na toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991. Kazi ya kugeuza namba kuwa umbo linaloonekana inafanywa na fonti, ambayo ni kama ghala la michoro: namba fulani, mchoro fulani. Fonti moja ina michoro mia chache, nyingine ina maelfu.

Waliopanga Unicode miaka ile walikuwa na nafasi 65,536 tu za kugawa kwa lugha zote za dunia. Herufi za asili ya China zinazotumiwa na Wachina, Wajapani na Wakorea zingekula nafasi hizo zote kama kila nchi ingepewa orodha yake. Kwa hiyo wakaziunganisha: herufi yenye asili moja na maana moja ikapewa namba moja, hata kama kila nchi inaichora tofauti kidogo. Mwaka 1992 herufi 20,902 ziliingia kwa njia hiyo. Wako Wajapani waliopinga, na hoja yao ilieleweka. Herufi 直, namba 30,452, inayomaanisha kunyooka, inachorwa Japani kwa namna ambayo mtoto wa shule hujifunza, na umbo lake la China bara likionekana ndani ya gazeti la Tokyo linaonekana kama kosa la mchapaji. Ndivyo ilivyo pia kwa 骨, yaani mfupa: kile kipembe kidogo kilicho ndani ya sehemu ya juu kinaelekea kulia kwa Wajapani, na kushoto kwa Wachina wa bara. Kwa 冷 Mjapani hasumbuki sana, kwa maana akiandika kwa mkono mara nyingi naye huweka kile kikato cha mshazari. Anayesumbuka ni dereva wa Nyawera, ambaye hana kingine cha kushika isipokuwa umbo.

Sasa namba moja ikiwa na maumbo mawili au matatu, nani anaamua? Anaamua kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa, iwe Chrome, Firefox au nyingine. Mwenye ukurasa anaweza kutaja fonti anazozitaka, kwa mpangilio. Kivinjari kinapita herufi moja baada ya nyingine. Kama fonti ya kwanza haina mchoro wa namba hiyo, kinauliza ya pili, kisha ya tatu. Orodha ikiisha bila jibu, kinaingia katika ghala za simu yenyewe na kuchukua fonti ya akiba. Hapo, kwa herufi hizi za Asia, kinahitaji kujua lugha. Kinachotazama kwanza ni lebo ndogo iliyo mwanzoni kabisa mwa ukurasa, ambayo msomaji haioni: lang="ja" kwa Kijapani, lang="zh" kwa Kichina, lang="fr" kwa Kifaransa. Lebo ikiwepo na ikiwa sahihi, kazi imeisha.

Lebo isipokuwepo, kivinjari kinakisia. Kila kimoja kina desturi yake. Kuna vinavyotazama mfumo wa zamani wa kuhifadhi maandishi, kwa mfano Shift_JIS ambao ulikuwa wa Wajapani peke yao. Kuna vinavyotazama lugha ambazo mwenye simu amezichagua. Vikikosa kabisa, vinafuata mpangilio ambao mtengenezaji wa simu aliuweka. Katika Android, ambayo ndiyo iliyo ndani ya Tecno, Itel na Infinix nyingi za wakaaji wa Bukavu, ghala la Kichina cha bara huwa limepangwa mbele ya la Kijapani. Simu ya dereva iko katika Kifaransa, ukurasa hausemi ni wa lugha gani, basi anapewa umbo la China. Kwa kawaida kivinjari hakitazami sentensi nzima ili kujua kama ni Kijapani, ingawa mtu yeyote aliyewahi kuona lugha hiyo angetambua mara moja. Kinakwenda herufi kwa herufi, kama mtu anayesoma barua ya mwenzake akifunika mstari wote kwa kidole.

Somo walilolipata Wajapani ni kwamba kuwa na fonti nzuri hakutoshi. Fonti kubwa zilipatikana. Mwaka 2014 Google na Adobe walitoa pamoja fonti ya bure yenye michoro 65,535, kikomo cha juu kabisa ambacho faili ya fonti inaweza kubeba, na ndani yake mna maumbo ya Japani, Korea na China. Lakini ukurasa usiotaja lugha yake, hata mbele ya ghala hilo lote, unaweza kupewa umbo lisilo lake. Ndiyo maana watengenezaji wa kurasa wa Tokyo wanaojua kazi yao huanza kwa kuandika lebo ya lugha.

Bukavu watu wanaweza kujibu kwamba Kiswahili hakina shida hiyo. Kinaandikwa kwa herufi za a hadi z ambazo kila simu inazo, na hakuna anayeweza kukosea mchoro wa neno «maji». Ni kweli kwa sehemu. Kuna herufi moja, au tuseme alama moja, inayoharibu hesabu: ile ya ng’. Mtu anaandika ng’ombe kwenye kompyuta, programu inageuza alama iliyonyooka kuwa iliyopinda, na ukurasa ukihifadhiwa kwa mfumo mmoja lakini ukasomwa kwa mfumo mwingine wa zamani, msomaji anapata ngâ€™ombe. Wakaaji wengi wamekwisha kuliona dudu hilo. Kwa Kifaransa ndugu yake ni «SociÃ©tÃ©». Wajapani, ambao kwa miaka mingi waliishi na mifumo mitatu tofauti ya kuhifadhi maandishi, wana neno lake maalumu, mojibake. Si kosa la fonti. Ni kosa la ukurasa kutojitambulisha, kama lile la lugha.

Lingala inaonyesha tatizo kwa uwazi zaidi. Katika Lingala, moto ni mtu, motó ni kichwa, na mɔ́tɔ ni moto wenyewe, ule unaowaka. Anayeandika yote matatu «moto» anamwachia msomaji kukisia, na Mswahili naye akipita anasoma la nne. Maandishi ya wataalamu yanatumia ɛ na ɔ, pamoja na alama za sauti juu yake. Herufi ɛ ina namba yake, 603, na ɔ ni 596. Lakini ɛ́ yenye alama juu haina namba yake peke yake kama é ya Kifaransa. Inabidi kuandikwa kwa namba mbili, herufi kisha alama, na fonti ijue kuziweka moja juu ya nyingine. Fonti ikiwa haijui, kivinjari kinakwenda kuazima kwenye fonti ya akiba. Matokeo yake ni neno ambalo herufi mbili zinatoka ghala moja, ya tatu inatoka lingine, nene au nyembamba kuliko wenzake, na alama ya juu imeteleza pembeni. Ghala lote likikosa mchoro, kinatokea kisanduku kitupu. Wataalamu wanakiita tofu, kwa jina la lile jibini la soya linalokatwa vipande vya mraba, na mradi wa Google wa fonti za lugha zote uliitwa Noto kwa sababu hiyo: kusiwe na tofu tena.

Kuna jambo moja ambalo halijasemwa vya kutosha. Huduma ya fonti za bure za Google, inayotumiwa na kurasa nyingi sana duniani, hukata fonti katika mafungu ili msomaji apakue yale tu anayoyahitaji. Kwa Kijapani ni lazima, kwa sababu fonti moja inaweza kuwa na uzito wa megabaiti kadhaa. Kwa herufi za Kilatini kuna fungu la kawaida na fungu la nyongeza. Kwa miaka mingi fungu la nyongeza lilikuwa na ə, herufi inayotumika katika Kiazabajani, lakini halikuwa na ɛ wala ɔ, ambazo mamilioni ya watu wa Afrika ya kati na ya magharibi wanazihitaji. Huenda michoro ilikuwemo ndani ya fonti yenyewe, lakini haikuingizwa katika fungu lililosafirishwa kwenda kwa msomaji. Baadaye fungu hilo lilipanuliwa na zikaingia. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Ni kwamba Waazabajani walikuwa wamejulikana mezani, na Lingala haikujulikana.

Haina maana kwamba Wakongo hawakuwahi kukaa mezani. Denis Moyogo Jacquerye, kwa mfano, alifanya kazi kwa miaka katika fonti huru za DejaVu akihakikisha herufi za lugha za Afrika zimo, na Lingala ilinufaika na juhudi zake. Mwaka 1974 wataalamu wa lugha walikutana Lubumbashi na kupanga alfabeti ya pamoja kwa lugha za nchi iliyoitwa wakati huo Zaire. Kazi ya kufikiri ilifanyika, tena mapema kuliko Unicode yenyewe. Kilichobaki nyuma ni ile kazi ndogo ya kila siku, ya anayetengeneza ukurasa.

Na hapa ndipo lawama inapobidi kuwekwa nyumbani. Kurasa nyingi za habari, za mashirika na za makanisa zinazotengenezwa Kivu Kusini hujengwa kwa kuchukua kiolezo cha Kifaransa na kubadilisha maandishi. Lebo ya juu inabaki lang="fr". Hata ukurasa ukiwa na sehemu ya Kiswahili kutoka mwanzo hadi mwisho, mashine inaambiwa kwamba ni Kifaransa. Nyingine ni lang="en", kwa sababu kiolezo kilitoka Marekani. Mtengenezaji hajali kwa kuwa kioo chake hakionyeshi tofauti: a hadi z ni zile zile.

Tofauti inaonekana kwa yule asiyeona kabisa. Programu za kuwasomea vipofu, kama NVDA kwenye kompyuta, huchagua sauti kwa kufuata lebo hiyo. Sauti ya Kiswahili ipo, ya bure, ndani ya eSpeak NG ambayo NVDA huja nayo. Lakini ukurasa ukisema ni Kifaransa, mashine inasoma Kiswahili kwa kanuni za Kifaransa. Neno «hatari» linapoteza h yake. «Jumapili» inageuka kitu ambacho hakuna mtu wa Bagira atakitambua. Mbaya zaidi ni e ya mwisho, ambayo Kifaransa hukimeza na ambayo katika Kiswahili hubeba amri na ombi: «wasipite» inakuwa «wasipit», «wahame» inakuwa «waam». Mtu asiyeona anayetafuta kujua kama barabara ya Essence inapitika asubuhi hiyo anapata sauti ya mgeni inayobabaika. Baada ya yale ambayo mji umeyapitia tangu Februari 2025, AFC/M23 walipoingia na benki zikafunga milango, hakuna anayeweza kusema kwamba kuelewa tangazo ni anasa.

Kanuni za kimataifa za kurahisisha kurasa kwa watu wenye ulemavu zinaweka lebo ya lugha katika daraja la chini kabisa la masharti, lile ambalo ukurasa ukilikosa unahesabiwa umeanguka kabla ya kuanza. Ni herufi chache tu za kuandika. Hakuna mega zinazoongezeka, hakuna mtu wa kulipwa.

Lebo ya Kifaransa huharibu pia kwa macho, ila polepole. Baadhi ya kurasa huachia kivinjari kikate maneno mwishoni mwa mstari. Kwa Kiswahili «kitambo» hukatwa ki-ta-mbo, na mwalimu wa darasa la tatu anajua hivyo. Kwa kanuni za Kifaransa inakatwa ki-tam-bo. Si msiba. Lakini mtoto anayejifunza kusoma kwenye simu ya mama yake anajifunza kukata vibaya.

Wapo watakaouliza: lebo gani basi? Swali ni zuri, na jibu lina mzozo kidogo. Kiswahili kwa jumla ni sw. Kiswahili kwa desturi za Congo kinaandikwa sw-CD. Kuna pia swc, ambayo katika orodha ya kimataifa ya lugha inamaanisha Kiswahili cha Congo kama lugha inayojitegemea. Wanaopenda swc wanasema, na wana haki, kwamba Kiswahili cha soko la Kadutu si kile cha Dar es Salaam, na kwamba kukiita tu sw ni kukificha. Lakini gazeti linaloandika Kiswahili cha shuleni kwa wasomaji wa Bukavu, Uvira na Goma lina faida kubwa zaidi kwa sw-CD, kwa sababu mashine isiyojua CD inabaki na sw na bado inapata sauti na kanuni za Kiswahili, wakati mashine isiyojua swc inaweza kubaki mikono mitupu. Anayeandika mchezo wa kuigiza kwa Kiswahili cha mtaani, aweke swc na asione haya. Kwa Mashi ni shr, kwa Kifuliru flr, kwa Kihavu hav, kwa Lingala ln. Lebo inaweza kuwekwa hata kwa aya moja ndani ya ukurasa. Ukurasa wa sw-CD wenye wimbo wa Lingala katikati unaweza kusema hivyo kwa wimbo huo peke yake, na ukurasa unaotaja 冷却水 unaweza kuzipa herufi hizo tatu lang="ja".

Hoja nyingine inayosikika ni kwamba watu wa Bukavu wana shida za mtandao, si za fonti. Ni hoja inayojipinga. Mtandao ukiwa mzito, fonti ndiyo inayoumiza kwanza. Ukurasa unapoagiza fonti yake kutoka mbali, kivinjari kwa kawaida huficha maandishi hadi sekunde 3 kikiisubiri, na baada ya hapo ndipo kinaonyesha fonti ya akiba. Msomaji aliyenunua mega za franka chache anatazama ukurasa mweupe, anadhani hakuna kitu, anafunga. Fonti ikifika akiwa bado hapo, maandishi yanaruka na anapoteza mstari. Wenye Opera Mini iliyowekwa kubana data kwa nguvu zote hawapokei fonti hizo hata siku moja, wanaona za akiba tu. Kwa maneno mengine, kwa sehemu kubwa ya wasomaji wa mji huu fonti ya akiba ndiyo fonti yenyewe. Mbunifu aliyekesha akichagua herufi za kupendeza kwenye kompyuta yake, hawakuziona.

Ingekuwa busara basi kwa ukurasa wa habari wa Kivu kuacha kabisa fonti za kuagiza, na kutumia zile zilizomo tayari ndani ya simu, ukianza nazo na si kuishia nazo. Kuna kurasa za Kijapani zinazofanya hivyo kwa sababu ya uzito wa fonti zao. Bukavu ina sababu ya bei. Kama mhariri anang’ang’ania sura yake ya pekee, angalau aagize maandishi yaonekane mara moja na fonti ifuate baadaye. Hilo nalo ni mstari mmoja, font-display: swap, na mtengenezaji anayedai pesa ya ziada kwa ajili yake anatania.

Sehemu ngumu iko kwa lugha za jimbo. Hapo lebo haitoshi, kwa kuwa mtu wa kwanza kuulizwa ni herufi zipi Mashi inazihitaji hatapata jibu moja. Kuna wanaoandika Nnâmahanga kwa alama juu ya a na wanaoacha. Kilega kina irabu saba, na kila mwandishi ana njia yake ya kuzitofautisha. Anayepeleka maandishi hayo kuchapwa kwenye sekretariati ya umma karibu na soko anajua kinachofuata: kompyuta ya pale haina fonti aliyotumia nyumbani, inaweka nyingine, na alama zinapotea au zinageuka visanduku. Chuo cha ISP Bukavu kina wataalamu wa lugha, na kituo chake cha utafiti, CERUKI, kimechapisha kazi za wasomi wa Kivu kwa miaka mingi. Orodha ya herufi za kila lugha ya jimbo, ukurasa mmoja kwa kila lugha, iko ndani ya uwezo wao. Ghala la kimataifa linaloitwa CLDR, ambalo Android na vivinjari vikubwa huchota humo, hupokea orodha za namna hiyo, na Lingala imo tayari. Anayekata mafungu ya fonti kule California hufuata orodha anazozikuta. Lugha isiyo na orodha inasahauliwa kama ɛ na ɔ zilivyosahauliwa.

Kwa anayetaka kuujua ukurasa wake leo, njia ni fupi. Katika Chrome kwenye kompyuta, aandike view-source: mbele ya anwani ya ukurasa na kubonyeza. Mstari wa kwanza au wa pili utakuwa na neno html, na baada yake lang. Kama kinachofuata ni fr wakati habari ni ya Kiswahili, amwite aliyeutengeneza. Akikuta hakuna lang kabisa, amwite vile vile.

Na dereva wa Nyawera? Yeye hana wa kumwita. Lakini anaweza kufungua mipangilio ya simu, kwenye lugha, na kuongeza Kijapani chini ya Kifaransa bila kuondoa chochote. Simu itaendelea kuongea naye Kifaransa kama kawaida. Akirudi kwenye ukurasa ule usiotaja lugha yake, kwa kawaida atakuta 冷 imepata mguu wake ulionyooka, sawasawa na ule wa kwenye kibandiko.